UZI: Kidonda cha duodeni kinapomwaga damu, dripu ya omeprazoli peke yake haimwokoi mgonjwa

Tabibu wa Zamu:

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu kwa sababu kuna kifo ambacho mara nyingi kingezuilika, na kinatokea taratibu mbele ya ndugu na wahudumu. Mtu anafika akitapika damu. Anatundikiwa dripu, anachomwa sindano ya omeprazoli, na kila aliyepo anashusha pumzi kwa kuona matibabu yameanza. Saa zinakwenda, kumbe mshipa bado uko wazi. Dawa ya kupunguza asidi ina kazi yake na nitaieleza, ila haina uwezo wa kuziba ateri inayorusha damu. Mgonjwa huyu anahitaji mambo mawili kwa pamoja: arudishiwe damu aliyoipoteza, na apatikane mtu wa kwenda kuufunga mshipa wenyewe. Likikosekana moja kati ya hayo, tunampotezea muda.

Tuanze na mahali penyewe. Chakula kikitoka tumboni huingia duodeni, ambayo ni sehemu ya kwanza ya utumbo mdogo. Nyuma ya kipande chake cha mwanzo inapita ateri ya gastroduodenali, mshipa wenye nguvu kuliko watu wanavyodhani. Kidonda cha ukuta wa mbele kikichimba sana hutoboa utumbo, na hapo mgonjwa hupata maumivu makali ya ghafla. Kidonda cha ukuta wa nyuma kikichimba hukutana na ile ateri. Ndiyo maana mtu anaweza kumwaga damu nyingi mno bila kulalamika maumivu yoyote. Wapo ambao hawakujua kabisa kwamba wana kidonda, hasa wazee wanaomeza diklofenaki, ibuprofeni au aspirini kila siku kwa ajili ya viungo au moyo.

Dalili zenyewe: kutapika damu nyekundu, au matapishi meusi yenye chembechembe, choo cheusi tii, kinachonata, chenye harufu kali isiyo ya kawaida. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, na dawa zenye bismathi, navyo hutia choo weusi, lakini choo hicho hakinati wala hakina harufu ile. Na msikilize hili kwa makini: damu ikitoka kwa kasi sana juu, inapita utumboni kabla haijawa nyeusi. Mtu anayetoa damu nyekundu kwa njia ya haja kubwa huku akitoka jasho jembamba, mapigo yakienda mbio na kichwa kikizunguka, asichukuliwe kuwa ana bawasiri. Huyo chanzo chake kinaweza kuwa duodeni.

Akiwa bado nyumbani: alazwe chali miguu ikiwa juu kidogo, au ubavu kama anatapika ili damu isiingie mapafuni. Asipewe kitu chochote kwa mdomo, si maji, si dawa ya kutuliza asidi, na hasa si dawa ya maumivu. Chukueni dawa zake zote mwende nazo, pamoja na zile anazojinunulia mwenyewe bila cheti. Kisha apelekwe mahali penye damu ya kuongezewa na wataalamu wa endoskopi (kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni na duodeni) au upasuaji. Kama kituo cha karibu hakina hivyo, kisaidie kumtundikia dripu na kupiga simu mbele, lakini safari ya kwenda hospitali kubwa ianze mapema. Kusubiri "tuone kama itakata" ndiko kunakoua.

Sasa saa ya kwanza hospitalini. Mtu mzima ana takribani lita 5 za damu. Akipoteza hadi asilimia 15, mwili unafidia na huenda usione kitu. Kati ya 15 na 30, mapigo yanapanda kupita 100 kwa dakika, mikono inapoa, mtu anakosa utulivu. Presha kwa kawaida huanza kushuka akishapoteza asilimia 30 hadi 40, yaani lita moja na nusu au zaidi. Kwa hiyo kumwambia ndugu "presha yake iko sawa, msiwe na wasiwasi" ni kumpa faraja isiyo na msingi. Kijana mwenye afya hushikilia presha nzuri mpaka dakika ya mwisho, halafu huanguka ghafla. Mzee anayetumia dawa za presha za kundi la atenololi naye anaweza kuwa na mapigo 80 huku akiishiwa damu, maana dawa inazuia moyo usiende mbio.

Njia rahisi ya pembeni ya kitanda: gawanya mapigo kwa ile namba ya juu ya presha. Mapigo 120, namba ya juu ya presha 100, jibu ni 1.2. Ukiona limezidi 1, mchukulie kuwa yuko hatarini hata kama anaongea vizuri.

Nitaendelea na dawa, endoskopi na upasuaji. Waliowahi kuhudumia au kuuguza wagonjwa wa aina hii, karibuni.

---

Nesi Mstaafu:

Asante daktari. Naomba niongezee la upande wetu wauguzi.

Kanula, yaani vile vimirija vya kupitishia dripu na damu. Ziwe mbili, na ziwe nene, ile ya kijivu au ya rangi ya chungwa, kwenye mishipa mikubwa ya mkononi. Kanula nyembamba ya waridi inapitisha maji polepole mno kwa mtu anayekimbiwa na damu. Na ziwekwe mwanzo, kabla mishipa haijasinyaa. Wakati huohuo vuta damu ya vipimo: himoglobini, chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda), kuganda kwa damu, figo, ini, na zaidi ya yote kundi la damu na kuoanisha na damu atakayowekewa. Kichupa cha benki ya damu kiandikwe pale pale kitandani, jina kamili na namba ya faili, kwa sababu haraka ndiyo inayozaa kosa la kumwekea mtu damu isiyo yake.

Baada ya hapo usimwache. Mapigo, presha na upumuaji kila dakika 15 au chini ya hapo. Mpira wa mkojo usaidie kujua kama figo zinapata damu; ukipata nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, unakwenda vizuri. Mfunike blanketi. Mgonjwa akipoa, damu yake inashindwa kuganda. Maji na damu nyingi zikiingia zikiwa baridi, mnamwongezea tatizo, hivyo kama kuna kifaa cha kupashia damu joto kitumike.

Na mgonjwa akisema "natamani kwenda haja" ghafla huku amebadilika rangi, usimruhusu atembee kwenda chooni. Mletee beseni kitandani. Wengi wanaangukia huko.

---

Binti wa Mwalimu:

Shikamoo daktari. Baba yetu alipofika alipimwa damu ikawa 11, tukaambiwa si mbaya. Usiku ikawa 6. Tulidhani maabara walichanganya vipimo. Inawezekana kweli ishuke hivyo kwa saa chache?

---

Tabibu wa Zamu:

Marahaba binti. Poleni sana. Inawezekana kabisa, na si lazima maabara wawe wamekosea.

Himoglobini hupimwa kama kiasi ndani ya kila desilita ya damu. Mtu anapovuja, anapoteza maji ya damu na chembe nyekundu kwa pamoja, kwa uwiano uleule. Kilichobaki mishipani ni kidogo, lakini uzito wake haujabadilika, kwa hiyo kipimo cha kwanza kinaonyesha 11 ingawa ameshapoteza theluthi. Baadaye mwili unavuta maji kutoka kwenye tishu kuingia mishipani, na dripu zinaongeza mengine, ndipo namba inaposhuka na kusema ukweli. Hii ndiyo sababu tunawahimiza wenzetu wasiamue kwa kipimo cha kwanza cha himoglobini. Watazame mapigo, ngozi, mkojo, akili ya mgonjwa.

Kipimo kingine kinachosaidia ni yurea, taka inayotokana na protini; kreatinini ni taka nyingine inayotolewa na figo. Damu iliyoingia utumboni humeng'enywa kama protini, na yurea hupanda kupita kiasi ukiilinganisha na kreatinini. Ni dokezo zuri kwamba damu inatoka juu.

Na kuhusu kuongeza damu, kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mgonjwa aliyetulia, ambaye damu haimwagiki kwa kasi, anaongezewa himoglobini ikishuka chini ya 7, na lengo ni kumfikisha 7 hadi 9. Mwenye ugonjwa wa moyo anaongezewa mapema zaidi, karibu na 8. Utafiti uliofanyika Barcelona na kuchapishwa mwaka 2013, kwa wagonjwa 921, ulionyesha kuwa waliowekewa damu kwa kiasi walinusurika asilimia 95 kufikia wiki ya sita, dhidi ya asilimia 91 kwa walioongezewa kwa wingi. Lakini utafiti huo haukuwachukua wale wanaomwaga damu kwa kutisha. Huyo hasubiri namba. Anapewa damu sasa hivi, kundi O kama ya kwake haijawa tayari, na ikibidi chembe nyekundu, plazma na chembe sahani kwa uwiano unaokaribiana.

---

Mtu wa Benki ya Damu:

Nakazia hapo. Kwa binti na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa tunatoa O hasi kwa dharura, mwanaume anaweza kupewa O chanya ili hasi isiishe. Ukishapata sampuli, kundi lake halisi tunalijua ndani ya dakika chache, hivyo leteni sampuli kabla hamjaanza kumwekea damu ya dharura.

Msisahau kalsiamu. Damu ya mfuko imetiwa sitreti ili isigande, na sitreti hukamata kalsiamu ya mgonjwa. Mifuko ikienda mingi kwa haraka, kalsiamu inashuka, moyo unalegea na kuganda kwa damu kunaharibika. Na mgonjwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, atajwe mapema, maana vitamini K ya mshipani huchukua saa kadhaa kufanya kazi, na kinachosaidia papo kwa papo ni mkusanyiko wa protini za kugandisha damu, au plazma kama hicho hakipo.

---

Mdadisi:

Daktari, asidi traneksamiki je, ile dawa ya kuzuia bonge la damu lisiyeyuke? Inatumika kwa waliojifungua na waliopata ajali. Kwa nini isiwe sindano ya kwanza hapa?

---

Tabibu wa Zamu:

Mkuu, swali zuri, na lilijibiwa kwa utafiti mkubwa kabisa uitwao HALT-IT uliotoka mwaka 2020, wagonjwa 12,009 katika nchi 15. Haikupunguza vifo vya kuvuja damu tumboni. Kilichoongezeka ni kuganda kwa damu ndani ya vena na degedege. Iliyofaa kwa mama aliyejifungua haikufaa hapa, na naamini tuikubali hivyo badala ya kuichoma ili tuonekane tumefanya kitu.

Niseme na mengine yaliyopitwa na wakati. Kuosha tumbo kwa maji ya barafu kuliwahi kuwa kawaida, leo hakuna sababu ya kufanya hivyo. Mpira wa puani nao si wa lazima kwa kila mtu, na ukirudi bila damu usikuhakikishie lolote, kwa kuwa damu ya duodeni inaweza isirudi tumboni kabisa.

Kinachosaidia kabla ya endoskopi ni eritromaisini, miligramu 250 mshipani, nusu saa hadi saa mbili kabla. Inasukuma mabonge ya damu yashuke chini ili mtaalamu aone. Omeprazoli au ndugu zake inaweza kuanza kabla, na inapunguza idadi ya wanaokutwa na mshipa unaohitaji kufungwa. Haipunguzi vifo ikitolewa hatua hiyo. Isiwe sababu ya kuchelewesha safari wala endoskopi.

Kazi yake kubwa inakuja baadaye. Bonge la damu linaloziba mshipa haliwezi kukaa imara penye asidi kali, asidi hulivunja. Baada ya mshipa kufungwa kwa endoskopi, mgonjwa hupewa miligramu 80 kwa mkupuo, kisha miligramu 8 kila saa kwa saa 72. Mtafiti Lau na wenzake huko Hong Kong walichapisha mwaka 2000: waliopewa hivyo walivuja tena asilimia 6.7 ndani ya siku 30, waliopewa dawa bandia asilimia 22.5. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini muone mpangilio: kwanza mshipa umefungwa, ndipo dawa ikalinda.

---

Msomaji Kimya:

Sasa kama mshipa ndio unaotakiwa kufungwa, kwa nini asikimbizwe endoskopi akiwa mlangoni? Nimeona wengine wanaambiwa wasubiri mpaka asubuhi.

---

Tabibu wa Zamu:

Kwa sababu endoskopi kwa mtu ambaye hajarudishiwa damu inaweza kumuua yenyewe. Anapewa dawa ya usingizi, presha inaporomoka, anatapika, damu inaingia mapafuni. Huko Hong Kong walilipima na hili, matokeo yakatoka 2020: wagonjwa 516 walio katika hatari kubwa, wengine wakafanyiwa endoskopi ndani ya saa 6 tangu kushauriana na mtaalamu, wengine kati ya saa 6 na 24. Waliokufa ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 8.9 kwa walioharakishwa na 6.6 kwa waliosubiri kidogo. Tofauti hiyo haikuwa na uzito wa kitakwimu, lakini haraka haikuleta faida. Kwa wengi, ndani ya saa 24 baada ya kutulizwa ndiyo sahihi.

Ila msiuchukue utafiti huo kuwa ruhusa ya kulala. Wagonjwa walioshindwa kutulia baada ya kupewa maji na damu hawakuingizwa humo. Mtu ambaye unamwekea damu na presha inapanda, kisha inaanguka tena, ndiye ambaye mtaalamu wa endoskopi, daktari wa usingizi na daktari wa upasuaji wanapaswa kuamshwa usiku huohuo, wote watatu. Kama anatapika damu mfululizo au amechanganyikiwa, apitishwe mpira wa kupumulia kwanza, ndipo kamera ishuke.

Ndani, mtaalamu anakipanga kidonda kwa ngazi za Forrest, zinazotumika tangu 1974. Ia ni damu inayoruka, Ib inayochuruzika, IIa mshipa unaoonekana lakini haumwagi, IIb bonge lililong'ang'ania, IIc doa jeusi bapa, III kidonda safi. Tatu za kwanza zinatibiwa palepale. Bonge la IIb linaoshwa kwa nguvu kuona kilicho chini. IIc na III ni dawa tu, na mwenye III anaweza kula na kurudi nyumbani mapema.

Kutibu ni kuchoma adrenalini iliyochanganywa moja kwa elfu kumi kuzunguka kidonda, kisha lazima kuongeza njia ya pili: klipu ya chuma, au kuuchoma mshipa kwa joto. Adrenalini peke yake inabana kwa muda mfupi, ikiisha nguvu damu inarudi. Ukisikia mtu amefanyiwa adrenalini tu, uliza kuhusu njia ya pili.

---

Daktari Upasuaji:

Naomba niingie hapa, maana mara nyingi sisi tunaitwa mgonjwa akiwa ameshakauka.

Akivuja tena baada ya endoskopi ya kwanza, kwa kawaida jaribio la pili la endoskopi linafaa. Hong Kong hukohuko, mwaka 1999, walionyesha kuwa endoskopi ya pili iliokoa wengi bila kisu na kwa matatizo machache. Hata hivyo kidonda kikubwa, kipana kuliko sentimita 2, kilichoko ukuta wa nyuma, kwa mgonjwa aliyeingia na presha ya chini, ndicho kinachoshindikana mara nyingi. Hao tuambieni tangu mwanzo, tukae tayari.

Pale penye wataalamu wa mionzi, wanapitisha katheta kutoka kinenani au mkononi mpaka kwenye ateri ya gastroduodenali na kuiziba kwa koili, yaani waya mdogo uliojikunja. Ni njia nzuri kwa mzee mwenye magonjwa mengi. Kwa kuwa ateri hiyo inapata damu kutoka pande mbili, wanaziba mbele na nyuma ya jeraha, wakiziba upande mmoja damu inarudi kwa mlango wa pili.

Isipopatikana, tunafungua. Tunapasua duodeni kwa urefu kupitia pailorasi, mlango wa kutokea tumboni, na kitu cha kwanza ni kidole: unakandamiza mshipa, unamwambia daktari wa usingizi "mjaze sasa," na unangoja. Dakika hizo chache za kukandamiza zina thamani kuliko mshono wa haraka. Kisha nyuzi tatu: juu ya kidonda, chini yake, na ule wa tatu wa umbo la U upande wa ndani kwa ajili ya tawi linalokwenda kongosho, ambalo likisahaulika ndilo linalomrudisha mgonjwa mezani. Mfereji wa nyongo uko karibu, sindano isizame mno. Mwisho tunafunga kwa upana ili njia isisinyae. Kukata neva ya vagasi, kulikokuwa kawaida zamani, sasa ni kwa nadra kwa sababu dawa za asidi zinafanya kazi hiyo.

Ombi langu kwa wenzangu wa wodi: msitupigie baada ya mfuko wa kumi. Mtupigie mnapofungua wa pili, hata kama hatutapasua.

---

Mama Watatu:

Mume wangu aliwekewa stenti ya moyo na anatumia aspirini. Alivuja damu, akafungwa mshipa, namshukuru Mungu yuko salama. Sasa anaogopa aspirini, anasema hataigusa tena maisha yake yote. Nimwambieje?

---

Tabibu wa Zamu:

Dada, hofu yake inaeleweka, lakini asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Kuna utafiti wa 2010 wa wagonjwa 156 wa aina yake. Walioendelea na aspirini walivuja tena zaidi kidogo, karibu asilimia 10 dhidi ya 5. Ila kufikia wiki ya nane waliokufa walikuwa asilimia 1.3 kwa waliorudishiwa na 12.9 kwa walioachishwa, hasa kwa sababu ya mishipa ya moyo na ubongo kuziba. Mwenye stenti kwa kawaida hurudishiwa ndani ya siku chache tu, huku akimeza omeprazoli kila siku. Mpeleke kwa daktari wake wa moyo wiki hii. Anayemeza aspirini kwa kujikinga tu, bila kuwahi kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi, huyo ndiye anayeiacha. Dawa nyingine za maumivu kama diklofenaki asizirudie kabisa.

---

Binti wa Mwalimu:

Daktari, baba alitoka salama, yupo nyumbani. Walimpima bakteria wa vidonda akiwa wodini wakasema hana, kwa hiyo hakupewa antibiotiki. Tufanye nini zaidi?

---

Tabibu wa Zamu:

Alhamdulillah, nimefurahi kusikia.

Kipimo cha H. pylori, huyo bakteria wa vidonda, kikifanywa wakati mtu anavuja damu, mara nyingi kinasema hayupo ilhali yupo. Damu yenyewe inavuruga kipimo, na omeprazoli inawatuliza bakteria wasionekane. Kwa hiyo "hana" ya siku ile haitoshi. Arudie kwa kipimo cha pumzi au cha choo. Mwulizeni daktari wake lini ni salama kusimamisha omeprazoli kwa wiki 2 kabla ya kipimo, na zipite angalau wiki 4 tangu antibiotiki yoyote. Msiisimamishe wenyewe mapema kabla kidonda hakijapona.

Akikutwa nao, atatibiwa kwa siku 14 kwa dawa za mchanganyiko, kisha apimwe tena kuhakikisha wameisha. Mwombeni pia apimwe himoglobini na akiba ya madini ya chuma. Na kama choo kitageuka cheusi chenye kunata, au akizimia, msingoje siku ya kliniki.